Mafaili ya Marehemu Haslam

Kwanza niseme wazi kwamba sina kinyongo na wafilisi. Watu wengi wanacho, na sababu wanazo. Mfilisi huitwa biashara ikishakata roho: anakuja na tai yake, anaorodhesha viti, anauza vya kuuzwa, anawagawia wanaodai hicho kidogo kilichobaki, halafu anafunga mlango. Mgahawa wangu wa pale Radcliffe, huku kaskazini mwa Uingereza, ulipozama, aliyekuja kuufunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua la kijani, jina lake Gaynor Entwistle. Nilimpokea kwa matusi. Yeye akavua koti, akakaa, akaniuliza kama chai ipo.

Kitu pekee cha maana mle ndani kilikuwa oveni yangu. Gaynor hakuipeleka mnadani ikauzwe kwa bei ya chuma chakavu. Alizunguka mwenyewe mpaka akaipata klabu moja ya Bury, klabu ya wazee wanaoviringisha matufe kwenye nyasi, iliyokuwa ikitafuta oveni kubwa. Akawaambia, "Oveni hii ina mwenyewe anayeijua tabia zake. Mkiichukua bila yeye mtakula mkaa." Wakatuchukua sote wawili, oveni na mimi. Nipo hapa mpaka leo, na oveni ndiyo ileile.

Kwa hiyo ninayemsimulia hapa si mtu baki. Nikipandisha hasira katikati ya maneno mtanisamehe, au msinisamehe, shauri yenu.

Chama cha Wafilisi, tawi la kaskazini, hukutana kwenye chumba chetu cha juu kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mimi huwapikia pai ya nyama na viazi, njegere za kupondwa, na kabichi nyekundu ya siki pembeni. Chama hicho ndicho kinachowapa leseni. Ndicho kinachotuma wakaguzi, kinachowasomea kanuni mpya wakiwa wanasinzia, na ndicho kinachomwadhibu aliyeharibu na kutangaza jina lake ili kila mtu alione. Bila Chama huwezi kufilisi hata kibanda cha chipsi.

Gaynor alikuwa mtu wa Chama hasa. Alikaa miaka mingi kwenye kamati ya nidhamu, akiwasikiliza wenzake waliopotoka. Leseni yake aliitia fremu akaitundika ofisini mahali ambapo wengine huweka picha za watoto. Hakuwa na watoto. Alikuwa na mume, Clive, mwalimu mstaafu wa useremala, na mbwa mzee, na nyumba ndogo waliyoinunua kule kisiwani Anglesey, madirisha yanatazama bahari.

"Sijawahi kupata hata onyo, Noreen," aliniambia mara moja akinisaidia kukausha sahani. Alikuwa na tabia hiyo, kushuka jikoni kikao kikiisha. "Nikiirudisha leseni yangu nataka niirudishe kama nilivyopewa."

Nikamwambia, "Basi utakuwa wa kwanza kurudisha kitu kisafi kwenye chumba hiki. Ungeona vitambaa vya meza wanavyoniachia."

Sasa kuna desturi yao moja lazima niieleze, maana humo ndimo alimonaswa. Mfilisi huteuliwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, si ofisi yake. Kila faili ni lake kama ulivyo mguu wake. Akihama, mafaili yanamfuata. Na akifa je? Sheria haikubali wenye madeni wabaki yatima. Ndiyo maana kila anayefanya kazi peke yake lazima awe na mwenzake aliyeahidi kwamba siku huyu akianguka, yule ataokota. Wanaiita ahadi ya kupokeana. Husainiwa pale juu, pai zikishaliwa, mbele ya wanachama wote, kwa kalamu nzito ya tawi.

Na katika kusaini, hakuna kuulizana. Watu hawa hula mkate wao kwa kufungua makabati ya wengine, watakuuliza mpaka ulinunua wapi soksi. Lakini wao kwa wao, kumuuliza mwenzako kilichomo kwenye mafaili yake ilikuwa kama kumnusa kwapa. Anaahidi, unaahidi, mnapeana mikono, basi.

Aliyeahidiana na Gaynor alikuwa Norman Haslam. Ndiye aliyemfundisha kazi akiwa msichana. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa tawi, na picha yake amevaa mkufu wa uenyekiti iko ukutani pale juu, kando ya kombe la matufe. Mzee mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Siku waliyosaini nilikuwa nikikusanya sahani. Gaynor alishasaini. Norman akaishika kalamu, akaitazama, hakusaini.

Akakohoa. "Huna swali, Gaynor?"

"Swali gani tena, Norman? Mimi na wewe!"

Watu wakacheka. Norman naye akacheka kidogo, akasaini. Nilidhani mzee amechoka, nikamwekea pai moja kwenye karatasi aende nayo nyumbani.

Alikufa kwenye kibanda chake cha vioo, katikati ya minyanya yake. Tulimzika vizuri. Maua hayajanyauka kaburini, mahakama ikayahamishia mafaili yake yote kwenye jina la Gaynor, na Chama kikamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea.

Gaynor alikuwa ameshapanga kurudisha leseni. Mafaili yake mwenyewe yalikuwa yanaelekea ukingoni. Clive ameshatangulia Anglesey na ndoo za rangi, anapaka jikoni.

"Ya Norman ni machache," aliniambia. "Vijiduka viwili vitatu vya wazee wenzake. Nitayamaliza kabla ya Pasaka, halafu mimi huyo, na wewe uje na hiyo pai yako."

Akaenda kwenye ofisi ya Norman kuyachukua. Akakuta wasichana wanapaka watu rangi za kucha. Ofisi ilikuwa imeuzwa zamani, na Norman hakumwambia mtu. Wale wasichana wakamwelekeza Salford, kwenye jengo la vioo juu ya maji.

Huko akakuta ukumbi mzima wa vijana wenye vipokea sauti masikioni, na mwanamume aliyevaa viatu bila soksi, akija kumpokea kwa mikono miwili.

"Bosi mpya ndiye huyu! Damon Pilling. Norman alikuwa akikusifu hadi basi. Kahawa?"

"Mafaili ya Norman yako wapi?" Gaynor akauliza.

Damon akauonyesha ukumbi wote kwa mkono. "Haya hapa."

Lazima mmeliona tangazo lake, lile la mchana kwenye televisheni, la mwanamke anayelia juu ya bahasha halafu anapiga simu na kutabasamu. Ukipiga, kijana wa Damon anakuingiza kwenye makubaliano na wanaokudai: utalipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka, halafu kinachobaki utasamehewa. Ni jambo zuri kwa anayelifaa. Lakini sheria inataka kila makubaliano yawe na mfilisi mwenye leseni wa kuyasimamia, na Damon hana leseni, hata ya kuuza samaki. Alichofanya ni kukodi jina la mzee aliyekuwa na shida zake. Maelfu ya watu, kutoka Cornwall mpaka Uskoti, wote walikuwa chini ya jina la Norman Haslam. Sasa walikuwa chini ya jina la Gaynor Entwistle.

Alinihadithia haya jikoni, amekaa kwenye ndoo ya viazi, koti hajavua. Nilikasirika nikavunja yai mkononi.

"Si uache tu? Mwambie tafuta mjinga mwingine, wewe unaenda Anglesey."

"Noreen, hainiachi hata nikiiacha mimi. Nikijiuzulu kwa Damon leo, kila mmoja wao bado ni wangu. Nikirudisha leseni bila mtu wa kunipokea, nimewatupa. Makubaliano yao yanavunjika, wanaodai wanawarudia milangoni. Watu wamelipa miaka, Noreen. Watu wamebakiza kidogo wamalize."

"Basi yasimamie vizuri, uyamalize."

"Kwa wafanyakazi gani? Wafanyakazi wa Damon, kompyuta za Damon, chumba cha Damon. Changu mle ndani ni jina tu."

Akajaribu hata hivyo. Akaanza kuyasoma mafaili moja moja. Ndipo alipokutana na Bi Winifred Crompton wa Heywood, mjane aliyekuwa akisafisha shule, sasa anaishi kwa pensheni. Huyu hakupaswa kuwa kwenye makubaliano kabisa. Ipo njia nyepesi ya kuwafutia madeni watu kama yeye ambao hawana cha kuchukuliwa, lakini njia hiyo haimpi Damon faida, kwa hiyo kijana wake hakuitaja. Bi Winifred alikuwa akilipa kila mwezi kwa kutowasha moto wa kupasha nyumba. Gaynor alimtembelea, akamkuta amevaa koti sebuleni. Bi Winifred akamkaribisha kwa biskuti na kumshukuru kwa wema wake.

"Alinishukuru, Noreen! Anasema kila mwezi akiliona jina langu kwenye karatasi anajua yuko kwenye mikono salama."

Akamtoa Bi Winifred. Ilimchukua wiki nzima ya kubembeleza na kutisha. Nyuma yake walikuwepo wengine wengi wa namna hiyo, na kila wiki vijana wa Damon walikuwa wakileta wapya wa kusaini. Gaynor akagoma kusaini wapya. Damon hakupandisha sauti, hajui hata kupandisha sauti.

"Sawa, bosi. Ila hao wapya ndio wanaolipia mishahara ya wanaowahudumia wa zamani. Usiposaini, nazima taa. Wewe ndiye utakayewapigia wote kuwaambia?"

Akasaini. Aliwachambua kwanza, akawakataa wasiofaa aliowahi kuwagundua, lakini alisaini. Mwaka ukapita namna hiyo, ukaja mwingine. Wale wa zamani wakimaliza, wapya wameshaongezeka. Clive alimaliza kupaka jikoni Anglesey, akapaka vyumba, akaanza kupaka uzio. Mbwa alikufa hukohuko, Gaynor hajawahi kumtembeza ufukweni hata mara moja. Nilimwona akingoja chai yake kwenye meza yangu, kidole chake cha shahada kinachora kitu juu ya kitambaa. Nikatazama vizuri. Alikuwa anasaini.

Mtauliza, na Chama je? Mimi pia niliuliza, tena kwa sauti. Chama kina namba ya simu ya wanachama wenye mashaka. Alipiga. Akapokewa na mama mwenye sauti ya upole, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba wajibu wake kama mfilisi ni kusimamia mafaili yote ipasavyo, na kama hawezi, atafute mwanachama wa kumpokea.

"Na asipopatikana?"

"Basi utaendelea kuyasimamia ipasavyo, mpenzi."

Akatafuta. Nilikuwa nikiyaona kwa macho yangu pale juu, mwezi hata mwezi. Gaynor anakaa karibu na mtu, anaanza, "Nilikuwa nafikiria, yale mafaili ya Norman..." na mtu huyo ghafla anagundua uzuri wa mchuzi wangu. Watu wazima, wenye magari makubwa, wanakodolea mchuzi! Kumbe wote walikwishajua. Wengine walijua tangu Norman hajafa. Hakuna aliyesema, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

"Kamati yako ya nidhamu haina la kufanya?" nilimuuliza.

Akafuta sahani iliyokwisha kukauka. "Lipo. Mwanachama akinyang'anywa leseni kwa makosa, hapo Chama chenyewe kinalazimika kwenda mahakamani kuyagawa mafaili yake kwa wengine, watake wasitake. Mlango huo upo. Nimewapitisha watu humo kwa mkono wangu. Wanaandikwa majina, Noreen, na majina hayafutwi."

"Lakini wewe hujakosa."

"Ninasaini watu nisiowaona. Ningeletewa mtu wa namna hiyo kwenye kamati, unadhani ningemwambiaje?"

Nilimkatia keki.

Ndipo akaja Sumaira Akhtar. Msichana wa Rochdale, mwenye miwani mikubwa na kicheko cha karibu, ameshinda ile mitihani yao migumu kwa mara ya kwanza, ameacha kazi ya kuajiriwa anataka kufungua ofisi yake. Alikuwa na leseni mpya na kabati tupu. Nilimpenda kwa sababu aliniuliza nyama ya pai imetoka wapi, na nilipomwambia haiwezi kumfaa akaomba njegere na kabichi, akala kwa furaha kuliko wote.

Mwenyekiti wa sasa, Roland Fairclough, alimwona naye, ila kwa jicho lingine. Roland ni mtu wa kupenda mambo yatulie. Akamvuta Gaynor kwenye ngazi, karibu na mlango wangu, wala hakushusha sauti, maana kwao mpishi ni kama friji.

"Gaynor, Mungu amekuletea. Binti ana njaa ya kazi. Anatafuta mtu wa kuahidiana naye, nimemwambia wewe. Mnasaini ahadi ya kupokeana mwezi ujao, kama kawaida. Baadaye kidogo unaumwa mgongo, unashindwa kazi, ahadi inafanya kazi yake, mafaili yanakwenda kwake. Wewe unaenda kwa Clive."

"Hajui kilichomo, Roland."

"Wewe ulijua?"

"Hapana."

"Na bado umesimama. Wewe ni mwanamke wa chuma. Yeye ni kijana, atasimama vizuri zaidi."

Roland akapanda juu. Gaynor akabaki kwenye ngazi. Nilitoka na taulo langu begani.

"Usiniambie utafanya."

"Clive amempata mbwa mwingine," akasema. "Ameniuliza tumwite nani. Noreen, nimechoka. Nimechoka mpaka sijui nikuambie nini."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Ningekuwa mimi ningefanya, tena ningemchinjia na jogoo. Lakini alipokwenda zake nililia juu ya unga, na si kwa ajili ya Sumaira peke yake.

Mwezi uliofuata chumba kilijaa. Waliokuwa hawaji miezi mingi walikuja. Nadhani kila mmoja alitaka kuhakikisha kwa macho kwamba mzigo umepata punda mwingine. Pai zililiwa upesi. Roland akagonga glasi, akasema maneno mazuri kuhusu udugu wa Chama, jinsi tunavyobebana, jinsi hakuna mwanachama anayeachwa peke yake. Nilikuwa nimeinama nikiokota uma, ikabidi niume mdomo. Karatasi ikawekwa mezani, na kalamu ya tawi juu yake. Sumaira alikuwa amevaa koti jipya. Mama yake alimpiga picha mlangoni kabla hajatoka nyumbani. Alinionyesha kwenye simu.

Sumaira akasaini kwanza, haraka, kwa herufi nzuri. Akamsogezea Gaynor kalamu.

Gaynor akaishika. Akaitazama. Nilisikia oveni yangu chini ikipoa.

"Huna swali, Sumaira?"

Sumaira akacheka. "Swali gani, Bi Gaynor? Kwako wewe?"

Wakacheka wote. Nami nikiwa na rundo la sahani mikononi, nikaona Gaynor akiganda. Akainua macho polepole mpaka kwenye ukuta, kwenye picha ya Norman na mkufu wake. Hapo ndipo tulipoelewa, yeye na mimi, wakati mmoja. Mzee yule alikuwa amechoka, ndiyo, lakini siku ile alikuwa anangoja. Alishindwa kusema kwa kinywa chake, akaomba aulizwe. Angeulizwa neno moja tu, angesema yote.

Gaynor akaiweka kalamu chini.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Niulize kilichomo kwenye mafaili yangu."

Sumaira akamtazama Roland, kama mtoto aliyeambiwa atukane mbele ya wageni. "Lakini... si adabu, Bi Gaynor."

"Najua. Na mimi nilikuwa na adabu. Niulize."

"Gaynor," Roland akasema, "hapa si mahali pake."

"Ni hapahapa, Roland. Tumeyafanyia hapa kila siku." Akamgeukia msichana. "Sumaira, nina maelfu ya watu nisiowajua. Wengi wao hawakupaswa kuwa pale. Anayeendesha ni mtu asiye na leseni, na mimi ninamkodisha yangu. Norman alimkodisha kabla yangu. Watu wa meza hii wanajua. Ningesaini nami ukayapokea, nisingeumwa mgongo, ningekuwa kitandani kwa aibu tu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akaanza kutafuta koti lake.

"Kanuni yetu inasema mwanachama akijua kosa la mwanachama analipeleka kwenye Chama," Gaynor akaendelea. "Basi mwenyekiti, andika. Namshitaki Gaynor Entwistle."

Roland alikuwa mwekundu kama kabichi yangu. "Unajua watakufanya nini?"

"Najua hata kiti nitakachokalia. Nimewakalisha wengine."

Sumaira alichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti jipya. Halafu akavuta kiti akakaa karibu na Gaynor, akamshika mkono, akakaa hivyo mpaka chumba kikabaki na mimi na wao na sahani.

Walimfanya walivyomfanya. Alikwenda London mara mbili mbele ya kamati, na Clive akamsindikiza. Hakujitetea sana. Leseni wakaichukua, na jina lake wakalitangaza kwenye ukurasa wao wa waliofukuzwa, pamoja na wezi wa kweli na bwana mmoja aliyekimbilia Uhispania. Ukilitafuta jina la Gaynor Entwistle leo, hilo ndilo la kwanza unalokutana nalo. Hakuna palipoandikwa habari za oveni yangu. Hakuna palipoandikwa Bi Winifred.

Mafaili yaligawiwa. Mahakama haikumuuliza mtu kama anaupenda mchuzi. Kila mfilisi wa tawi alipata fungu lake, na Roland akapata kubwa kuliko wote, jambo lililonipa raha ambayo sitaificha. Sumaira alichukua fungu naye, akauliza maswali mpaka karani wa mahakama akamkimbia. Damon alizima taa za Salford, akaziwasha tena ng'ambo ya mto kwa jina lingine, na leseni ya mtu mwingine. Tangazo ni lilelile, na yule mwanamke bado analia juu ya bahasha.

Gaynor alipita kuniaga, safari hii bila kupanda juu, maana si mwanachama tena. Nilikuwa nimechukua ngazi, nakwenda kuishusha picha ya Norman nikaitupe kwenye pipa.

"Mwache," akasema.

"Wewe uko kwenye ukurasa wa wezi, yeye yuko ukutani na mkufu!"

"Aliuliza, Noreen. Alijaribu."

"Alijaribu kidogo mno."

"Ndiyo," akasema. "Kidogo mno." Akavuta kitambaa akaanza kukausha sahani, kama zamani.

Clive anasema yuko vizuri. Anatembeza mbwa, anakula. Ila jioni akikaa mezani kidole bado kinasaini juu ya kitambaa, na ukimshika mkono anashituka, anaomba radhi.

Na Chama? Chama kilijifunza, kwa namna yake. Kikatunga kanuni. Sasa kabla ya kusaini ahadi ya kupokeana, mwenyekiti anasoma kwenye karatasi, "Je, una swali lolote kwa mwenzako?" na mwenzake anajibu, "Sina," na wanasaini. Nimewasikia mara kadhaa. Wanaisoma haraka haraka, maana pai zinapoa.

Alhamisi iliyopita alikuja mwingine mpya, wa Oldham, kijana mwenye haya. Roland akashuka jikoni anasugua mikono.

"Noreen mpenzi, tumemaliza. Leta pai."

"Ameuliza nini?"

"Nani?"

"Yule mpya. Ameuliza nini?"

"Ameulizwa kama ana swali, akasema hana. Kila kitu kimekwenda kwa kanuni."

Nikakaa kwenye ndoo ya viazi, mgongo wangu nikauegemeza kwenye mlango wa oveni.

"Basi rudi juu ukawaambie pai bado."